Kabla hujamlipa fundi wa turubai Owino

Machi 2021 Kenya ilisimamisha ghafla uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa tena, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika mjadala wote ule wa vibali na vyeti, ni rahisi kusahau kwamba mahindi yaliyokaushwa vizuri shambani yanaweza kuloana usiku mmoja tu barabarani. Kinachoyakinga ni turubai.

Kwa mfanyabiashara anayefunga mzigo Kampala, turubai si kitu cha kununua kwa haraka dereva akiwa ameshawasha gari. Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, linajulikana zaidi kwa mitumba. Lakini palipo na marobota, malori na vibanda hapakosi kazi ya turubai, na eneo lile pamoja na Kisenyi jirani lina mafundi wa kila aina. Fundi atakukaribisha kwa "ssebo" au "nnyabo", kisha atakuuliza unataka mita ngapi. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu swali la mita si la kwanza.

Swali la kwanza ni kazi. Washona matanga wa pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, hawaanzi na kitambaa. Huanza na chombo: mlingoti una urefu gani, foromali ni ndefu kiasi gani, chombo kinavua au kinabeba mizigo. Marudufu hukatwa baada ya hapo. Nawe mwambie fundi wa turubai unabeba nini na unapita wapi. Mahindi ya kwenda Busia au Malaba, mitumba ya kwenda Mpondwe, bidhaa za dukani za kwenda Elegu na maharage ya kwenda Mutukula havihitaji kifuniko kimoja. Mwambie pia kama turubai litafungwa na kufunguliwa kila siku, au litakaa juu ya kibanda mwaka mzima.

La pili ni kitambaa. Kuna aina tatu kubwa. Karatasi ya plastiki iliyofumwa, ile ya buluu au ya chungwa, ni nyepesi na rahisi, lakini jua huila upesi na upepo wa barabarani huichana. Turubai la pamba ni zito na hupitisha hewa. Likiloana nyuzi zake huvimba na kuziba, lakini lisipokaushwa huoza. La tatu ni kitambaa cha poliesta kilichopakwa PVC. Hili halipitishi maji na hustahimili safari ndefu, ila halipumui. Ukifunika nafaka ambayo haijakauka sawasawa chini ya PVC, jua la mchana litavuta unyevu, ubaridi wa usiku utaurudisha kama matone juu ya magunia. Turubai zuri halitibu mahindi mabichi.

Kwa PVC, uliza uzito wa kitambaa kwa mita moja ya mraba. Cha gramu 500 na cha gramu 650 hufanana machoni, lakini havidumu sawa. Uzito huo pia ndio mizani yako ya kumkagua fundi, kama tutakavyoona.

La tatu ni vipimo. Usipime gari peke yake, pima gari likiwa na mzigo. Chukua mfano wa bodi yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.3. Mzigo unapanda mita 1 juu ya ubao, nawe unataka turubai lishuke nusu mita zaidi chini ya ukingo wa ubao. Kila upande unaongeza mita 1.5. Turubai lako ni mita 9 kwa mita 5.3, yaani mita za mraba 47.7. Kubaliana na fundi kwamba hivyo ni vipimo baada ya kupinda na kushona, kwa sababu pindo na maungio hula kitambaa.

Sasa rudi kwenye mizani. Mita za mraba 47.7 za kitambaa cha gramu 650 ni takriban kilo 31, kabla ya kuhesabu pindo, kamba na pete. Ukipewa turubai la kilo 24, ujue umeuziwa kitambaa cha gramu 500 kwa bei ya 650. Mizani ya kupimia marobota inatosha kabisa kumaliza ubishi huo.

La nne ni mshono. Kila tundu la sindano ni njia ya maji. PVC inaweza kuunganishwa kwa joto, na hapo hakuna matundu. Uliza kama fundi ana mashine hiyo. Kama anashona, ataje uzi. Uzi wa pamba huoza, wa poliesta hudumu zaidi. Maungio yalaliane kama mabati ya paa, ili maji yateremke bila kuingia, na ukingo wa juu utazame nyuma ya gari ili upepo usiufunue. Mishono iwe miwili, si mmoja.

La tano ni pindo na pete. Turubai haliraruki katikati kwanza. Huanzia pembeni, pale kamba inapovuta. Dai kamba ishonewe ndani ya pindo, kila kona iwekwe kiraka cha ziada, na pete zipigwe kwenye kitambaa kilichokunjwa mara mbili au tatu. Chagua pete zisizoshika kutu.

Kama mzigo wako unapita nchi moja kwenda nyingine chini ya lakiri ya forodha, pete ni jambo la sheria pia. Mamlaka za mapato za Uganda, Kenya na Rwanda hufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki, na lakiri haina maana kama mtu anaweza kuingiza mkono chini ya turubai. Mkataba wa kimataifa wa TIR wa mwaka 1975 unatoa kipimo kizuri cha kuiga: kwa kawaida pete zisiachane zaidi ya sentimita 20, na kiraka kinachoshonwa kiwe na mishono miwili, mmoja ukionyesha ndani uzi wa rangi tofauti na ule wa nje, ili afisa aone kama umefumuliwa. Kiraka cha ovyo humtia afisa shaka, na shaka hukugharimu siku nzima mpakani.

Wako pia wanaosafirisha kidogo kidogo. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo kwenye orodha hupita kwa hati nyepesi, na wengi wa wafanyabiashara hao hukodi nafasi kwenye lori la mtu mwingine. Turubai si lao, lakini hasara ni yao. Kwao shauri ni kulikagua kabla ya kupakia, au kuchangishana watatu wanne na kushona la pamoja.

Mwisho, andikishana. Risiti itaje vipimo baada ya kushona, aina na uzito wa kitambaa, idadi ya pete, malipo ya awali na siku ya kuchukua. Mvua za Kampala huja Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Agiza kabla, kwani fundi mwenye foleni hushona haraka. Siku ya kuchukua, liinue dhidi ya jua na utazame kwa chini: kila nukta ya mwanga ni tundu. Kisha limwagie ndoo ya maji kwenye maungio na usubiri. Likivuja, bado uko Owino na fundi yuko mbele yako. Ukiligundua Malaba, umechelewa.