Kijana wa Abington na Sala ya Asubuhi

Kaeni vizuri, wanangu, niwasimulie habari za Ellery Schempp, kijana wa miaka 16 ambaye asubuhi moja ya Novemba 1956 alifungua kitabu darasani akakisoma kimya kimya. Kwa kusoma huko, kesi ikazaliwa iliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani.

Ellery alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya umma huko Abington, jimbo la Pennsylvania, kaskazini kidogo tu mwa jiji la Philadelphia. Kila siku saa 2:15 asubuhi wanafunzi walitulia madarasani, kipaza sauti kikafunguliwa, na mwenzao mmoja akawasomea aya 10 za Biblia bila kuongeza maelezo yoyote. Kisha shule nzima ilisimama ikasema Sala ya Bwana kwa sauti moja, ikaisalimu bendera, yakafuata matangazo ya siku. Zile aya 10 hazikuwa desturi ya walimu tu. Ziliagizwa na sheria ya jimbo.

Siku hiyo Ellery alikuja na Kurani ya kuazima. Biblia ilipoanza kusomwa, yeye alifungua Kurani yake. Ilipofika Sala ya Bwana, hakusimama. Akapelekwa kwa mkuu wa shule. Jioni yake akaandika barua kwa American Civil Liberties Union, chama kinachotetea haki za raia, akaeleza yaliyompata, na ndani ya bahasha akatia dola 10 za mchango.

Msidhani alikuwa Mwislamu. Msidhani pia kwamba alitoka katika nyumba isiyomjua Mungu, maana watu wengi walimsingizia hivyo. Wazazi wake, Edward na Sidney, walikuwa waumini wa kanisa la Unitarian kule Germantown, na familia yao ilihudhuria ibada kwa kawaida. Ile Kurani ilikuwa swali: ikiwa serikali inaagiza kitabu kitakatifu kimoja kisomwe kila asubuhi, kitabu cha jirani yangu je? Kwangu mimi, ni swali la adabu kabisa. Aliliuliza bila kumpigia mtu kelele.

Tena pale Philadelphia swali lenyewe lilikuwa na makovu ya zamani. Miaka ya 1840 shule za umma za jiji hilo zilisomesha Biblia ya King James, ambayo ni tafsiri ya Waprotestanti. Wakatoliki, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland, walikuwa na tafsiri yao. Mwaka 1842 Askofu Francis Kenrick aliomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kuisoma hiyo. Ombi dogo. Lakini uvumi ukaenea kwamba Wakatoliki wanataka kuitoa Biblia shuleni, hasira ikawaka, na Mei 1844 watu wakauana mitaani. Makanisa mawili, la Mtakatifu Mikaeli na la Mtakatifu Augustino, yakachomwa moto. Waliouana wote walikuwa wakimwita Yesu Bwana. Basi mtu akiniambia kwamba sala moja ya pamoja huwaunganisha watoto wote, humuuliza: sala ya nani?

Turudi kwa akina Schempp. Walifungua kesi mwaka 1958. Kesi ikiwa bado inaendelea, wakubwa wa jimbo wakaibadilisha sheria: mzazi akileta barua, mtoto wake anaweza kusamehewa usomaji ule. Wengi wangesema yamekwisha, achukue barua yake aende nyumbani. Edward Schempp alikataa, na sababu alizoieleza mahakama ndizo ninazotaka mzishike, kwa sababu ni sababu za mtu aliyeitazama shule kwa macho ya mtoto.

Alisema kwamba wanawe wangetoka darasani wasimame kwenye ujia wa nje, na katika shule ile kusimama nje ilikuwa adhabu. Kila apitaye angedhani wamefanya kosa. Wangeyakosa matangazo yanayofuata baada ya sala. Wenzao wangewaona watu wa ajabu, na walimu wangeanza kuwatazama kwa jicho jingine. Tena ilikuwa miaka ya uhasama mkubwa kati ya Marekani na Urusi. Asiyesali aliitwa mkana Mungu, na mkana Mungu alihesabiwa kuwa mkomunisti, adui wa nchi. Mtoto wa miaka 12 atabebaje mzigo huo kila asubuhi?

Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Mtoto anayeogopa kusimama nje peke yake ataubusu mkono. Atafumba macho, atatamka maneno yote bila kukosea, na mwalimu ataridhika. Lakini hapo amesali? Mimi ni mtu wa kusali, nimefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu hutazama nia, na sioni nia yoyote katika maneno yaliyotolewa kwa hofu.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitolewa tarehe 17 Juni 1963. Ellery alikwisha kumaliza shule, kwa hiyo kesi iliendelea kwa ajili ya wadogo zake, Roger na Donna. Majaji 8 dhidi ya 1 waliamua kwamba shule ya umma haina mamlaka ya kuagiza usomaji wa Biblia na Sala ya Bwana kama ibada ya kufungulia siku. Mwaka mmoja nyuma, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekataza sala fupi ya maneno 22 iliyotungwa na bodi ya elimu ya jimbo la New York. Jaji Hugo Black, aliyeandika hukumu ile ya mwaka 1962, aliwahi kufundisha watoto dini kanisani kwa miaka mingi.

Watu walikasirika. Barua zilimiminika nyumbani kwa akina Schempp, nyingine za pongezi, nyingine za matusi ambayo siwezi kuyatamka mbele yenu. Rais John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuiongoza Marekani, alikuwa ameulizwa juu ya ile hukumu ya New York. Alijibu kwamba dawa ipo na ni rahisi: watu wasali zaidi majumbani mwao na wahudhurie makanisa yao kwa uaminifu zaidi.

Hadi leo mtasikia kwamba Marekani walimfukuza Mungu shuleni. Si kweli. Jaji Tom Clark, aliyeandika hukumu ya 1963, alisema wazi kwamba Biblia inaweza kusomwa darasani kama fasihi au historia. Msichana akiinamisha kichwa kabla ya mtihani, hakuna wa kumzuia. Wanafunzi Waislamu wakitafuta pembe ya kuswali wakati wa chakula cha mchana, wana haki hiyo. Tangu 1984 ipo hata sheria inayozilinda klabu za dini za wanafunzi katika shule za sekondari. Kilichoondoka ni amri ya serikali.

Kwetu Tanzania mmezoea kugawanyika kipindi cha dini kikifika, hawa kwa sheikh, hawa kwa padri au mchungaji. Ni mpango mzuri, ingawa daima yupo mmoja au wawili wasio na pa kwenda, na hao ndio ninaowafikiria. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani yetu iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Na wimbo wetu wa taifa, mkiutafakari, ni dua tupu. Naupenda sana. Hata hivyo nafurahi kwamba mahakama haikukubali dua hiyo ifundishwe kwa adhabu.

Mambo huwa magumu zaidi anaposali mwalimu mwenyewe. Huko Bremerton, jimbo la Washington, kocha wa shule, Joseph Kennedy, alikuwa akipiga goti katikati ya uwanja kila mechi ilipokwisha. Wachezaji wakaanza kuungana naye. Shule ikamkataza, naye akaenda mahakamani. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, iliamua kwamba ile ilikuwa sala yake binafsi, na alikuwa na haki nayo.

Haki ya kocha kusali siibishi hata kidogo. Lakini katika kumbukumbu za kesi hiyo yumo mzazi aliyesema kwamba mwanawe, asiyeamini Mungu, alijiunga na sala zile akihofia kwamba akikataa hatapangwa kucheza sana. Kocha hakumwamuru. Hakuhitaji, kwa sababu machoni pa mchezaji kocha ana sauti katika kupanga kikosi. Kwa ajili ya mtoto huyo, ningekuwa jaji, ningepiga kura pamoja na wale watatu.