Bei ya Nyumba Yetu ya Kibaha

Watu wengi hudhani ya kuwa bei ya nyumba ni zile fedha apewazo muuzaji siku ya kuandikiana. Mimi nami nilidhani hivyo mpaka likizo iliyopita, baba aliponionyesha daftari lake la hesabu. Napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu niliyojifunza humo, kwani wengi wetu tutatafuta pa kukaa siku si nyingi.

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilometa 40 kutoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro. Mji una ofisi, hospitali na shule zake, lakini wako wakazi wengi ambao kazi zao ziko Dar es Salaam. Baba ni mmoja wao. Ni karani wa duka Kariakoo, nasi twakaa Picha ya Ndege.

Zamani tulipanga vyumba viwili Manzese. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mara moja, na dalali alitwaa kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mwaka 2014 baba alinunua kiwanja cha hatua 20 kwa 20 kwa shilingi 2,500,000. Hakukopa benki. Mwezi huu alinunua matofali hamsini, mwezi ujao mifuko miwili ya saruji. Tulihamia mwaka 2019, nyumba ikiwa haina dari. Ndivyo wajengavyo watu wengi wa mshahara mdogo.

Kwa nini kiwanja cha Kibaha kiwe rahisi kuliko cha mjini? Sababu ni umbali. Kadiri uendavyo mbali na mahali pa kazi ndivyo bei ishukavyo, maana mnunuzi ajua kwamba atalipa nauli. Na kitu chochote kipunguzacho taabu ya safari hupandisha bei. Serikali ilipopanua barabara kati ya Kimara na Kibaha, wanunuzi waliongezeka mtaani kwetu. Jirani aliuza kiwanja kitupu, sawa na chetu, kwa shilingi 9,000,000. Tena yafaa kukumbuka ya kuwa, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anunuacho mtu ni haki ya kuitumia, wala si udongo wenyewe. Kwa hiyo mwerevu huuliza habari za hati na ramani katika ofisi ya ardhi kabla hajatoa fedha.

Sasa tutazame daftari. Mjomba wangu bado amepanga Manzese, naye afanya kazi Kariakoo. Kodi yake ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na nauli ya siku 26 ni 39,000, jumla 139,000. Baba halipi kodi, lakini hupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, akibadilisha Mbezi, na nauli yake ni 78,000. Basi kila mwezi baba humzidi mjomba kwa shilingi 61,000.

Hesabu haijaisha. Baba hutumia saa nne na nusu njiani kila siku, mjomba saa moja na nusu. Tofauti ni saa tatu. Kwa siku 26 ni saa 78. Nilipogawanya niliona ya kuwa baba huuza kila saa kwa chini ya shilingi 800. Hutoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi usiku. Mdogo wangu wa darasa la pili humwona Jumapili tu, na kila Jumamosi huuliza kama kesho baba atakuwapo.

Mama naye ana hesabu yake. Maji ya bomba yakikatika hununua kwa dumu. Lakini ana kuku, ana bustani ya mchicha, ana genge mbele ya nyumba, wala hakuna wa kumgongea mlango akidai kodi.

Katika likizo hiyo dalali alileta mnunuzi. Baba alitaka kuuza turudi Manzese. Mama akasema, "Fedha ya nyumba huisha, baba, lakini kodi haiishi." Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyepiga hesabu. Nilishindwa kujibu.

Mpaka niandikapo haya hawajauza. Baba ameanza kuuliza kazi katika maduka ya Kibaha, hata ya mshahara pungufu kidogo. Na kwa hesabu ya daftari lile, si hasara.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango. Nawashauri wenzangu: mkitajiwa bei ya kiwanja, ulizeni pia nauli, maji, na saa za njiani. Hizo nazo hulipwa, tena kila siku.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne