Anayegawa Parseli Ndiye Anayegawa Maji
(Sehemu ya pili)

Kabla bomba halijalazwa na kabla foraji haijachimbwa, uamuzi mkubwa kuhusu maji ya familia huwa umekwisha kupita. Aliyeupitisha ni yule aliyegawa parseli. Yeye ndiye aliyeamua kama nyumba zitasimama juu ya mteremko unaolisha chemchemi au mbali nao, kama choo cha jirani kitakuwa hatua kumi kutoka kisimani au mita 30, na kama barabara itakuwa na nafasi ya kupitishia mabomba. Sehemu ya kwanza ilieleza kazi ya Regideso, shirika la maji la taifa. Hii inahusu ofisi zinazotia sahihi mapema zaidi: komini, sekta na usheferi.

Mwaka 2015 ulileta mambo mawili makubwa Kamina. Katanga iligawanywa, na mji huu wa reli, ambako njia ya kwenda Ilebo huachana na ile ya Kabalo, ukawa makao makuu ya jimbo jipya la Haut-Lomami. Kisha, tarehe 31 Desemba, nchi ya Kongo ikapata sheria ya maji, namba 15/026. Sheria hiyo ilifungua mlango wa huduma ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Regideso peke yake, shirika lililoundwa wakati wa ukoloni, ikawapa majimbo na serikali za mitaa sehemu ya jukumu. Mlango huo ulikuwa umekwisha kutayarishwa: kifungu cha 48 cha katiba ya 2006 kinataja haki ya kupata maji ya kunywa.

Jimbo lililozaliwa mwaka 2015 linavuta watu. Makao makuu huhitaji ofisi, wafanyakazi huhitaji nyumba, na nyumba huhitaji ardhi.

Sheria ya 2015 ina wazo moja ambalo lingepaswa kubandikwa katika kila ofisi inayopima viwanja: mahali maji yanapotekwa pazungukwe na eneo la ulinzi. Karibu kabisa na chanzo pasijengwe kitu. Mbali kidogo, shughuli ziwekewe masharti. Sababu yake inaeleweka hata bila maabara. Maji ya kisima ni mvua iliyopenya udongoni, na ikikuta shimo la choo njiani, huchukua kilichomo. Haut-Lomami haihitaji kufundishwa jambo hilo na wageni. Kinkondja, Bukama na Malemba-Nkulu, katika nchi ya maziwa ya Upemba, zimeijua kolera kwa miaka mingi.

Zanzibar imepita njia hii ya kujenga karibu na vyanzo. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini. Mji ukakua, watu wakahitaji mahali pa kukaa, na nyumba zikasogea hadi ndani ya maeneo ya vyanzo. Mwaka 2006 sheria mpya ya maji iliunda mamlaka yake, ZAWA, lakini mamlaka inayokuja baada ya nyumba ina kazi ngumu: kubomoa ukuta wa mtu aliyelipia kiwanja chake ni jambo linaloumiza kila upande. Kukataa kiwanja hicho siku ya kupima hakumgharimu mtu nyumba.

Cape Town yafaa kutajwa hapa, maana ni serikali ya mji iliyochukua hatua. Mabwawa yake yalipokaribia kukauka, kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Watu walipunguza matumizi, na siku iliyohofiwa ya kufunga mabomba haikufika. Hata hivyo, kumwambia mama wa Kamina apunguze maji kwa mfano huo ni kumwonea. Familia ya watu saba inayoteka bidoni nane za lita 20 kwa siku inabaki na chini ya lita 23 kwa kila mtu. Hapo hapana cha kupunguza. Kutunza maji ya nyumbani, kwa familia hiyo, ni kulinda chanzo na kupokea mvua.

Na mvua ipo. Bati la mita 8 kwa 5, likipigwa na mvua ya milimita 20, hupokea lita 800. Hata moja ya tano ikipotea, zinabaki lita 640, yaani bidoni 32 ambazo hakuna binti aliyezibeba kichwani. Maji ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata hufaa kufulia na kuoshea, na kunywa baada ya kuchemshwa. Visiwa vya Bermuda vimeyafanya haya kuwa sharti la ujenzi: nyumba haina ruhusa bila paa la kukinga mvua na tangi. Komini ya Kamina haiwezi kudai tangi la saruji kwa kila maskini, lakini inaweza kuanza na shule, zahanati na ofisi zake yenyewe.

Mnamo Desemba 2023, wapigakura katika komini za miji mikuu ya majimbo walichagua washauri wao. Swali la kwanza la mkazi kwao ni jepesi: ramani inayoonyesha chemchemi, visima na foraji za komini iko wapi, na nani huitazama kabla ya kugawa parseli? Kama haipo, kuichora hakuhitaji mfadhili wa mbali. Wanaoteka maji kila alfajiri wanajua kila chanzo kilipo, na kipi hukauka Agosti.

Sehemu ya tatu itahusu bei: nani hulipia foraji inapoharibika, na pesa ya bidoni huishia wapi.