Goti jipya, lakini usingizi uko wapi?

MAMA mmoja wa umri wa miaka 64 aliletwa kwangu na mwanawe wiki tatu baada ya kubadilishiwa goti. Kidonda kilikuwa kimepona vyema na alikuwa akitembea mwenyewe kwa msaada wa magongo. Nilipompongeza alitikisa kichwa.

"Daktari, goti nimelizoea. Usiku ndio umenishinda," alisema.

Tangu arejee nyumbani mjini Garissa, hakuwa amelala saa tatu mfululizo. Saa nane za usiku, nyumba nzima ikiwa kimya, yeye huketi kitandani akilisugua paja na kujiuliza kama upasuaji ule ulikuwa kosa. Jirani alipomhurumia, alimletea vidonge vya usingizi. Mama huyo alikuwa akivimeza pamoja na dawa kali ya maumivu aliyopewa hospitalini.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kukosa usingizi kunachosha, lakini kuchanganya dawa hizo mbili kunaweza kuua.

Msomaji, ikiwa wewe au mzazi wako amebadilishiwa goti au nyonga, huenda mnayajua mateso haya. Wengi wa wagonjwa wetu kutoka Garissa, Wajir na Mandera husafiri hadi Nairobi, Kikuyu au Kijabe kwa upasuaji huo, kisha hurudi nyumbani mbali na daktari aliyewapasua. Huelezwa jinsi ya kutunza kidonda na kufanya mazoezi, lakini ni wachache wanaoelezwa habari za usiku.

Kwa nini usingizi hutoroka?

Upasuaji wa kubadilisha kiungo si jambo dogo. Daktari hukata sehemu zilizolika za mifupa na kuweka mahali pake kiungo bandia cha chuma na plastiki. Aliyeufanya upasuaji wa nyonga wa aina hii uwe wa kutegemewa ni daktari Mwingereza, John Charnley, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Baada ya kazi hiyo, nyama na mishipa iliyosukumwa huku na huko huvimba. Mchana unazungumza na watu na kutembeatembea, kwa hivyo maumivu unayasahau. Usiku hakuna cha kukusahaulisha, na mguu uliokaa mahali pamoja hukakamaa.

Aidha, mshtuko wa upasuaji wenyewe huvuruga usingizi, hasa ule mzito wenye ndoto. Dawa kali za maumivu, kwa mfano tramadol na mofini, humfanya mtu asinzie mchana lakini huharibu mpangilio wa usingizi wa usiku. Tena hufunga choo, na tumbo lililojaa halimpi mtu raha.

Habari njema ni kwamba hali hii hupita. Wagonjwa wengi huanza kulala vyema kati ya wiki ya sita na mwezi wa tatu. Kwa hivyo, kukesha katika wiki za mwanzo si dalili kwamba kiungo kimekataa.

Namna ya kulala

Kama ni goti, lala chali mguu ukiwa umenyooka. Wengi huweka mto chini ya goti kwa sababu huleta nafuu ya haraka. Usifanye hivyo usiku kucha, kwani goti litazoea kukunjika na baadaye litakataa kunyooka. Weka mto chini ya shavu la mguu na kifundo, ili goti linyooke lenyewe.

Kama ni nyonga, fuata masharti uliyopewa na daktari aliyekupasua. Wengi huambiwa wasikunje nyonga kupita pembe ya nyuzi 90, wasipishanishe miguu, na wasigeuze mguu kuelekea ndani. Lala chali ukiwa na mto katikati ya miguu. Ukiruhusiwa kulala ubavu, lalia upande usiopasuliwa, mto ukiwa papo hapo.

Mkeka na godoro la chini vingoje kwanza. Kuinuka kutoka sakafuni kunakunja kiungo kupita kiasi. Kitanda kinachofaa ni kile ambacho ukikaa kando yake, magoti hayapandi juu ya nyonga.

Vivyo hivyo kwa choo cha kuchuchumaa. Fundi anaweza kutoboa kiti imara na kukisimamisha juu ya shimo. Njia ya kwenda chooni iwe na taa, pasiwe na mkeka wala kamba ya chandarua ya kukukwaza. Ukianguka saa tisa za usiku, huenda ukarudishwa hospitalini.

Ama sala, dini imempa mgonjwa ruhusa ya kusali akiwa ameketi kitini.

Dawa kwa saa

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mgonjwa kungoja maumivu yazidi ndipo ameze dawa. Maumivu yakishapanda, kuyashusha ni kazi. Meza dawa kwa saa ulizopangiwa, na panga dozi moja iangukie nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala. Ukipewa paracetamol, mtu mzima hapaswi kupita gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa siku nzima. Kumbuka kuwa dawa nyingi za mafua zina paracetamol pia. Mwenye mwili mdogo au ugonjwa wa ini apunguziwe na daktari.

Dawa kama diclofenac na ibuprofen zinasaidia, lakini katika joto letu mtu asiyekunywa maji ya kutosha anaweza kuumia figo. Mwenye shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizitumie bila kumwona daktari.

Sasa nirudie lile la mwanzo. Usichanganye dawa za usingizi kama diazepam na tramadol, codeine au mofini, wala usichanganye na pombe. Zote hupunguza nguvu ya kupumua. Mzee anaweza kulala na asiamke, na watu wakadhani ni ajali yake.

Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, ikiwekwa kwenye goti dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala, hupunguza uvimbe. Pasipo na barafu, tumia chupa ya maji baridi. Hakikisha kidonda hakilowi. Jambo la kuepukwa kabisa ni kuchomwa kwa moto au kuchanjwa kwenye mguu uliopasuliwa ili "kutoa maumivu". Viini vikiingia na kufika kwenye kiungo bandia, kuviondoa ni vigumu, na huenda upasuaji ukarudiwa.

Chai, miraa na wageni

Tuseme ukweli kuhusu mambo ya nyumbani. Chai ya maziwa yenye majani mengi inayonywewa hadi usiku ina kafeini, ambayo hubaki mwilini kwa saa nyingi. Kunywa ya mwisho alasiri. Usiku, maziwa matupu yanatosha.

Miraa ni adui mkubwa zaidi. Hufukuza usingizi, hupandisha shinikizo la damu, hupunguza hamu ya chakula na hufunga choo. Anayetaka kupona aiweke kando.

Kisha wageni. Kumjulia hali mgonjwa ni jambo jema na la thawabu. Lakini wageni wakimiminika tangu asubuhi hadi saa nne za usiku, mgonjwa hupumzika kwa kuibia, husinzia mchana, na usiku humkuta macho makavu. Jamaa wapange saa za kutembelewa, na usingizi wa mchana usipite nusu saa.

Kwa joto la Garissa, kulala uani au barazani ni jambo la busara, mradi kitanda kiwe imara na chandarua kiwepo. Kunywa maji mengi mchana, upunguze jioni ili usiamshwe na mkojo. Papai, maembe na matikiti kutoka mashamba ya ukingo wa Mto Tana yatasaidia choo. Mwenye kisukari ale kwa kiasi.

Na Ramadhani ikikukuta katika wiki hizo? Mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye. Usiache dawa wala maji kwa kuona haya. Zungumza na daktari wako na sheikh wako.

Usipongojea asubuhi

Kuna maumivu ya usiku yasiyo ya kawaida. Nenda hospitalini mara moja ukiona shavu la mguu limevimba, lina moto na linauma, kwani huenda damu imeganda. Ukikosa pumzi ghafla au kuumwa kifua, huenda donge hilo limefika mapafuni. Homa, usaha, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua ni ishara za viini.

Safari ndefu ya basi huongeza hatari ya damu kuganda, na kutoka Nairobi hadi Garissa ni zaidi ya kilomita 350. Omba dereva asimame, shuka utembee, na ukiwa kitini chezesha vifundo vya miguu kila mara. Ukipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, imalize kama ulivyoagizwa.

Yule mama tulimwondolea vidonge vya jirani, tukampangia saa za dawa, na mwanawe akachukua jukumu la kuwaambia wageni waje alasiri. Mto ukatoka chini ya goti. Alipokuja tena katika wiki ya nane, alikuwa akilala saa tano bila kuamka. Aliniambia kwamba sasa mwenye kukesha ni mwanawe, anayeamka kumsikiliza kama anapumua.

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa namna hii, leo usiku kabla ya kuzima taa mwulize mambo mawili: mto wake uko wapi, na amemeza dawa gani.