Tumbawe jeupe si lazima liwe limekufa

Mwezi wa Machi, kaskazi inapolegea na bahari kutulia, wakaazi wanaoteremka mwambani wakati wa maji ya bamvua huona jambo ambalo huenda hawakuliona Desemba. Matumbawe yaliyokuwa ya kahawia, ya kijani au ya zambarau yamegeuka meupe pe. Wengi husema papo hapo kwamba yamekufa. Na kitu kilichokufa hakihurumiwi: mtu hukikanyaga, hukivunja kwa chuma akimtafuta pweza, au hukiburutia nyavu juu yake bila wasiwasi.

Mara nyingi tumbawe hilo bado liko hai, na ni hukumu hiyo ya haraka inayolimaliza.

Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni kundi la wanyama wadogo wenye miili laini ambao hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili hiyo huishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho, na ndio unaompa rangi. Maji yakipata joto kupita kiasi, ujirani huo huvunjika na mnyama huutoa mwani nje. Kwa kuwa nyama yake ni angavu kama plastiki nyembamba, weupe unaouona ni wa ile chokaa iliyo chini. Mnyama yupo, ila ana njaa. Maji yakipoa ndani ya wiki chache, mwani hurudi na rangi nayo. Joto likizidi kukaa, hufa kwa kukosa chakula.

Joto linalotosha kuleta balaa hili si kubwa. Nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya kiwango cha kawaida cha miezi ya joto, ikidumu wiki kadhaa, inatosha. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, sehemu nyingi za miamba ya Kenya zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe yake hai. Mwezi wa Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yalikuwa yakipauka kwa wakati mmoja katika bahari zote kuu za nchi za joto, ikiwa ni mara ya nne kwa jambo hilo kurekodiwa duniani.

Utajuaje basi kama ni mgonjwa au ni maiti? Vaa miwani ya kupigia mbizi, sogea karibu, usiguse. Tumbawe lililopauka lakini li hai huwa safi, na ukitazama vishimo vyake utaona utando wa nyama ndani. Lililokufa halikai jeupe kwa muda mrefu. Baada ya siku chache huanza kuota utelezi wa kijani au wa kahawia, kisha majani ya mwani, hadi linafanana na jiwe la kawaida. Angalia pia majirani zake. Ikiwa matumbawe ya aina mbalimbali yamepauka mwamba mzima, jambo la kwanza la kushuku ni joto. Mvua kubwa nayo inaweza kufanya hivyo kwenye maji ya kina kifupi, kwa sababu maji baridi ya mtoni hupunguza chumvi ghafla.

Lakini ukikuta tumbawe moja lina baka jeupe lenye ukingo uliokatika vizuri, na la jirani yake ni zima, hapo pana mlaji. Baka hilo kweli ni mfupa mtupu. Chungulia chini ya matawi: huenda ukaona konokono wadogo waliojikusanya, au kiti cha pweza kikubwa chenye mikono mingi na miiba mwili mzima. Usikishike, miiba yake ina sumu, na usikikatekate ukidhani umekiua.

Kuna na ugonjwa wa tope. Karibu na mlango wa mto Sabaki baada ya masika, matumbawe hufunikwa na vumbi la rangi ya udongo na hutoa ute mwingi kujisafisha. Kazi hiyo humla nguvu mnyama ambaye huenda tayari ameshindwa na joto. Na mwamba ukijaa mwani mrefu, uliza mambo mawili: maji machafu yanaingilia wapi, na pono, tafi na kangaja, ambao kazi yao ni kuula mwani huo, wamekwenda wapi?

Wale wanaofuga matumbawe kwenye tangi za kioo nyumbani wana desturi nzuri. Tumbawe likidhoofika hawalilaumu tumbawe, hupima maji: joto, chumvi, uchafu, kisha hutafuta wadudu. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kuzima kipasha joto. Sisi hatuna swichi ya Bahari Hindi. Tunachoweza ni kulipunguzia tumbawe mizigo mingine katika zile wiki za joto, ili nguvu kidogo iliyobaki isiishie kwenye kuponya matawi yaliyovunjwa na miguu yetu. Tawi la tumbawe linalokua haraka linaweza kuongezeka sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya duara, makubwa kama meza, huongezeka takriban sentimita 1 tu. Hatua moja ya mguu inaweza kuvunja miaka mingi ya kukua.

Hapa kwetu Kilifi hili si geni. Wavuvi wa Kuruwitu walikubaliana mwaka 2005 kutenga takriban hekta 30 za bahari na kutovua humo. Haikuwa rahisi, maana mvuvi kuacha mahali alipovua babake ni kuacha mfuko wake. Uamuzi huo haukuyapoza maji, lakini uliwapa samaki wanaosafisha mwamba nafasi ya kurudi.

Ukiona matumbawe yamepauka eneo lako, kati ya Februari na Mei, piteni mchangani au kwenye njia iliyozoeleka, na viongozi wa mashua za watalii watie nanga kwenye mchanga au wafunge kwenye boya. Piga picha mbili, moja ya karibu na moja inayoonyesha mwamba wote, andika tarehe na mahali, kisha uwape viongozi wa BMU yenu au afisi ya uvuvi ya kaunti ndogo. Baada ya wiki tatu rudi pale pale na upige nyingine.