Santuri au dijitali: Tusiisingizie teknolojia

Miongoni mwa wapenzi wa muziki wa zamani, wa hapa Rhonda, Nakuru, na kwingineko, imeota mizizi imani kwamba santuri ina sauti bora kuliko dijitali. Imani hiyo yafaa kupimwa.

Santuri huhifadhi sauti katika mifuo inayosomwa kwa sindano. Kila ichezwapo, mifuo hulika kidogo, na vumbi huongeza mikwaruzo. Aidha, sindano ikaribiapo katikati, konsonanti kama /s/ na /sh/ huvurugika. Diski ya kompakti, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. Kipimo hicho chatosha kunasa mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo ndiyo kikomo cha sikio la binadamu.

Mbona basi nyimbo za akina Fadhili William na Daudi Kabaka huweza kusikika hafifu simuni? Aghalabu kasoro ni ya nakala: santuri iliyochakaa ilinakiliwa ovyo, kisha faili ikabanwa hadi sehemu ya sauti ikatupwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Lililo muhimu si ubishi huu. Santuri za miaka ya 1960 zingali majumbani mwetu, na baadhi yazo huenda hazina nakala nyingine. Zisafishwe, zichezwe kwa sindano nzima, zinakiliwe bila kubanwa, na zenyewe zitunzwe. Tukichelewa, tutabaki kubishania ubora wa sauti zilizokwisha kupotea.