Mke wa Krapf

Nilikuwa natafuta mlima. Nilitaka ukurasa ule ambao Johann Ludwig Krapf anasimulia alivyouona Mlima Kenya kutoka Ukambani, Desemba 1849. Kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza miaka miwili baadaye, ni kinene, na mwenye kukipekua ovyo huangukia asikotaka. Mimi niliangukia Mombasa, Julai 1844. Mlima ukanitoka kichwani.

Krapf tunamjua: Mjerumani, mmisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana lenye makao London, mwenye kamusi ya Kiswahili iliyochapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Shuleni jina lake hufuatana na la mmisionari mwenzake, Rebmann, kama kurwa na doto. Mkewe hatajwi.

Aliitwa Rosine Dietrich, na alitoka Basel, Uswisi. Walifunga ndoa Misri mwaka 1842, wakaelekea Ethiopia, na huko wakafungiwa milango. Katika safari hizo, nyikani, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake. Walimbatiza Eneba, yaani chozi kwa Kiamhara, wakamzika huko huko wakashika njia. Januari 1844 Krapf alikuwa Unguja mbele ya Sultani Sayyid Said, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake. Mei wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena.

Mwezi Juni Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Kadhi na mmisionari wamekaa kitako juu ya kitabu kimoja! Hilo lina makala yake.

Kisha homa ikaingia nyumbani. Wakati ule iliaminika kwamba malaria huletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Kazi ya mbu haikuthibitishwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1890. Wageni waliofika Mei wakati wa masika, bila kinga yoyote mwilini, walikuwa wamejipeleka wenyewe. Krapf anasimulia kwamba homa ilimwanza yeye mapema Julai, ikamwachia kidogo, ikamrudia. Rosine naye akashikwa, na katikati ya homa hiyo akajifungua mtoto wa kike.

Mume na mke wakawa wamelala hoi, kila mmoja kitandani kwake, na kichanga kati yao. Krapf anasema Rosine alipoona siku zake zimekwisha, aliwaita watumishi wa nyumba akawausia mambo ya imani yake. Tarehe 13 alikata roho. Mumewe, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa dhaifu kiasi kwamba ilimbidi ajikokote kutoka kitandani apate kuhakikisha kwamba mkewe amekufa kweli.

Hapo nilifunika kitabu kwa muda.

Sisi wa pwani tunajua mzazi hutunzwaje. Haachwi peke yake. Hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na arobaini haiishi bila shangazi, mama na majirani kupishana mlangoni. Nani alimkanda Rosine? Je, wanawake wa Mombasa walipanda ngazi kwa yule Mzungu, au waliogopa? Kichanga kilinyonya kwa nani baada ya mama kufa? Krapf, mtu aliyeandika maneno ya Kiswahili kwa maelfu, hapa ananiacha na njaa. Labda homa haikumruhusu kuona. Labda aliona, na hakuona kama ni jambo la kuandikwa.

Mtoto alimfuata mama siku moja mbili baadaye, akazikwa karibu naye. Krapf anasema Rosine aliomba asizikwe kisiwani, bali ng'ambo, bara, katika nchi ya Wamijikenda (yeye anawaita Wanika, kama ilivyokuwa desturi wakati ule), kando ya njia wanayopita, ili kaburi liwakumbushe kwa nini wageni wale walikuja. Ndilo hilo kaburi lililoko upande wa Nyali hadi leo.

Krapf alipopata nguvu aliwaandikia wakubwa wake London. Aliwaambia kwamba sasa kuna kaburi la mmisionari katika pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo ni ishara kwamba mapambano yameanza na wao wanaitwa kuyaendeleza. Barua hiyo imehubiriwa makanisani mpaka leo. Ni barua ya imani kubwa, sikatai. Lakini mjane yule alikuwa amezika watoto wawili na mke ndani ya miaka miwili, na tayari msiba wake ni hoja ya kuomba watumishi zaidi. Kama alilia, na naamini alilia, machozi hayo London haikuandikiwa.

Rebmann alifika mwaka 1846 wakafungua kituo Rabai. Baadaye naye alioa. Mtoto wao hakuishi, na mkewe akafia Rabai mwaka 1866. Huyo naye darasani hatumsikii.

Walimu wa historia wa Mombasa, kaburi liko jirani. Mnapowapeleka wanafunzi Nyali kuona mnara wa Krapf, wasomeeni na jina la Rosine Dietrich.